Kifo cha Wengi Si Harusi: Hanang, Freud na Mashapo ya Nafsi

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Husemwa kwa nia njema, ili kumliwaza aliyefikwa: hukufikwa peke yako, wenzako wamo, jikaze. Hata hivyo methali ni hoja, na hoja hujadiliwa. Leo nataka kuijadili kwa kutumia nadharia ambayo sisi tufundishao vyuo vikuu huifundisha kila mwaka, wanafunzi huikariri kila mwaka, kisha sote huiacha mlangoni mwa chumba cha mtihani. Nayo ni nadharia ya saikolojia changanuzi iliyoasisiwa na Sigmund Freud, daktari wa mjini Vienna. Mahali nitakapoijadilia ni Jorodom, chini ya Mlima Hanang, mkoani Manyara.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ule wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400 ilimeguka. Wako waliodhani ni volkano. Wataalamu wa Serikali wakaeleza kwamba haikuwa volkano. Miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji wa Katesh na maeneo ya jirani, Jorodom, Ganana na Gendabi yakiwamo. Watu 89 walipoteza maisha. Rais alikatisha safari yake ya Dubai, alikokuwa kwenye mkutano wa tabianchi, akaja kuwafariji wafiwa. Jeshi lilishiriki uokoaji, barabara zikafunguliwa, misaada ikamiminika, na baadaye Serikali na wadau wakajenga nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya waliopoteza makazi. Yote hayo yanastahili pongezi, nami nazitoa bila kinyongo.

Swali langu linaanzia pale pongezi zinapoishia. Tope la barabarani liliondolewa kwa katapila na kwa mikono ya askari na wananchi. Je, msiba ulioingia ndani ya watu unaondolewa kwa nini, na kwa muda gani? Dai langu ni hili: haiba ya mtu hujengwa, kwa kiasi kikubwa, na namna alivyowaomboleza wale aliowapoteza. Kwa hiyo jamii inayowanyima watu wake muda wa kuomboleza inaunda haiba zao pasipo kujua inaunda nini.

Nusu ya nadharia tunayoikariri

Mwulize mwanafunzi wa fasihi au wa ualimu Freud alisema nini kuhusu haiba ya binadamu, naye atakujibu bila kusita: nafsi ina sehemu tatu. Kuna idi, ghala la matamanio tunayozaliwa nayo, ambayo hutaka kuridhishwa papo hapo na haijui aibu wala kesho. Kuna ego, ile sehemu inayokabiliana na hali halisi na kuiambia idi isubiri, chakula hakijaiva. Na kuna supaego, sauti ya wazazi na jamii iliyohamia ndani ya mtu, inayomkaripia hata pale wazazi hao wanapokuwa hawapo. Ataongeza kwamba mengi ya haya hutendeka katika ung'amuzi bwete, yaani ile sehemu ya nafsi ambayo mwenyewe haijui, na kwamba tunayoyafukia humo hayafi. Hujitokeza katika ndoto, katika kuteleza kwa ulimi, na katika maumivu ya mwili ambayo vipimo vya hospitali havioni chanzo chake.

Mwanafunzi huyo anastahili alama zake. Lakini jibu lake linamchora binadamu kama nyumba ya vyumba vitatu ambayo imekwisha kujengwa. Halisemi nyumba hiyo ilijengwa kwa udongo gani.

Jibu la swali hilo limeanzia katika insha ambayo Freud aliichapisha mwaka 1917, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, kuhusu maombolezo na melankolia. Melankolia ni huzuni iliyogeuka ugonjwa. Freud alijiuliza: kwa nini mtu mmoja akifiwa hulia, hukonda, hukosa hamu ya chakula na ya watu, kisha baada ya muda hurejea katika maisha, na mwingine akifiwa huzama, hujidharau, hujiona hafai kitu, na hatoki huko? Akajibu kwamba maombolezo ni kazi. Mfiwa hupitia kumbukumbu moja baada ya nyingine, kikombe alichonywea marehemu, kijia alichokipita kwenda kisimani, kikohozi chake mlangoni, na kwa kila moja hulazimika kukubali upya kwamba mwenyewe hayupo. Kazi hiyo huuma, na haina njia ya mkato. Mwenye melankolia ni yule ambaye kazi hiyo imemshinda. Badala ya kumwachilia marehemu, amemmeza. Na hasira aliyokuwa nayo dhidi ya yule aliyemwacha peke yake sasa inamrudia yeye mwenyewe.

Mwaka 1923, katika kitabu chake kuhusu ego na idi, Freud alikwenda mbele zaidi. Kule kumeza, alisema, si kwa wagonjwa tu. Sote hufanya hivyo. Kila tunayempenda na kumpoteza huacha kitu chake ndani yetu, na hulka ya ego ni mashapo ya wale wote tuliolazimika kuwaachilia. Mashapo ni kile kinachotuama chini baada ya maji kupita. Mtu wa Hanang hahitaji kamusi kulielewa neno hilo.

Tazama jirani zako. Kijana amefiwa na baba yake. Baada ya mwaka anaanza kukaa katika kiti cha baba, kukohoa kama baba kabla ya kusema jambo zito, na kukasirikia yaleyale yaliyokuwa yakimkasirisha baba, hata yale ambayo zamani yeye na baba walikuwa wakigombana kwayo. Watu husema amerithi. Saikolojia changanuzi husema kwamba urithi huo hakuupata kwa damu peke yake. Sehemu yake aliijenga kwa kupoteza. Alimpoteza baba nje, akamweka ndani. Ikiwa aliomboleza vyema, baba huyo wa ndani ni nguzo. Ikiwa hakuomboleza, ni mzigo ambao hajui anaubeba.

Freud mwenyewe alifundishwa na maisha. Binti yake Sophie alikufa kwa mafua makali mwezi Januari 1920, akiwa na miaka 26. Mwaka 1923 mtoto wa Sophie naye akafa, hata miaka mitano hajatimiza. Katika insha ya 1917 Freud aliandika kana kwamba maombolezo yana mwisho ulio wazi: kazi ikikamilika, nafsi huwa huru tena. Mwaka 1929 alimwandikia rafiki yake Ludwig Binswanger, ambaye naye alikuwa amefiwa na mtoto, kwamba pengo la namna hiyo halizibiki, na hata likizibika, kilichoingia humo ni kitu kingine. Siku aliyoandika barua hiyo ndiyo siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36. Baba alikuwa bado anahesabu.

"Hayo ni ya Wazungu"

Najua pingamizi litakalokuja, maana hunifikia kila muhula. Hayo ni ya Wazungu, mwalimu. Sisi Waafrika tuna jamii, tuna ukoo, tuna dini. Huzuni zetu haziendi kulazwa kwenye kochi la daktari. Pingamizi hili lina heshima yake na lina historia yake, na historia hiyo ndiyo inayonifanya nilitilie shaka.

Daktari J. C. Carothers, aliyeongoza Hospitali ya Mathari jijini Nairobi tangu mwaka 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Humo alidai, pamoja na mengine, kwamba sonona ni ugonjwa adimu kwa Mwafrika. Mwaka 1954 ikachapishwa ripoti yake aliyoiandikia serikali ya kikoloni ya Kenya, akiyaeleza mapambano ya Mau Mau kuwa tatizo la saikolojia ya Wakikuyu, huku suala la ardhi iliyoporwa likisukumwa pembeni. Frantz Fanon, naye daktari wa magonjwa ya akili, alimkosoa vikali mwaka 1961 katika kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili walikuja kukisoma kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Fanon hakuitupa saikolojia changanuzi. Aliigeuza, akaielekeza kwa mkoloni, akauliza ni majeraha gani utawala wa mabavu huyatia katika nafsi za wanaotawaliwa na za watawala wenyewe.

Ama lile dai la kwamba Mwafrika hapatwi na sonona, lilijibiwa kwa utafiti. John Orley na John Wing walichunguza vijiji viwili vya Uganda, na mwaka 1979 wakaeleza kwamba sonona miongoni mwa wanawake wa vijiji hivyo ilikuwa nyingi kuliko miongoni mwa wanawake wa mtaa wa London waliolinganishwa nao. Basi tafakari, msomaji wangu. Tunaposema leo kwa majivuno kwamba Mwafrika hazami katika huzuni kwa kuwa ana jamii, tunarudia kauli ya Carothers tukiwa tumeivika kanzu na kilemba. Yeye aliisema kwa dharau, sisi twaisema kwa fahari, na mgonjwa katika hali zote mbili hukosa tiba.

Tena nadharia hii haikukua Ulaya peke yake. Katikati ya miaka ya 1950, Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuwa amefanya kazi London na mchanganuzi nafsi John Bowlby, aliishi Uganda na kuzifuatilia familia 26 za Waganda katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akitazama namna watoto wachanga wanavyoshikamana na mama zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Bowlby alijenga juu ya kazi hiyo, na katika juzuu yake kuhusu kufiwa, iliyotoka mwaka 1980, akasisitiza kwamba hata mtoto mdogo huomboleza, na kwamba asiposaidiwa, msiba huo hukua pamoja naye. Akina mama wa Kiganda wamo katika misingi ya elimu hii, ingawa majina yao hayasomwi darasani.

Waliyoyajua Wadatoga na Wairaqw

Ningependa sasa kurudi Hanang na Mbulu, kwa sababu watu wa huko walikuwa na majibu yao kabla Freud hajazaliwa mwaka 1856.

Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga, wana maziko makuu yaitwayo bung'eda. Hafanyiwi kila mtu. Hufanyiwa mzee aliyeheshimika. Juu ya kaburi lake hujengwa tuta kubwa la udongo, nalo hujengwa hatua kwa hatua, ndugu na majirani wakija na kurudi, kwa muda wa takriban miezi tisa. Muda wa mimba. Jamii inachukua kumzika mtu muda uleule ambao mama alichukua kumleta duniani. Na tuta likishakamilika halisahauliwi. Huwa mahali pa kuendewa, pa kuzungumza na aliyetangulia.

Wairaqw nao wanayo metimani, hali ya kutengwa inayoipata nyumba iliyofikwa na kifo. Kwa kipindi fulani wafiwa hawachangamani na wengine. Moto wao, chakula chao na mifugo yao hubaki mbali na vya majirani. Kwa macho ya leo twaweza kuuona ukatili ndani ya desturi hiyo, hasa kwa mjane mwenye watoto wadogo, nami siwatetei waliomwacha mtu na njaa kwa jina la mila. Lakini nyuma yake kuna maarifa: aliyefiwa si mtu wa kawaida kwa wakati ule, na asidaiwe mambo ya kawaida. Pwani tunayo matanga, tunayo arobaini, na kwa mjane wa Kiislamu eda ya miezi minne na siku kumi.

Ukizitazama desturi hizi kwa pamoja utaona zinampa mfiwa vitu vilevile: muda unaohesabika, mahali panapojulikana, na cheo cha kuwa mfiwa mbele za watu. Freud alisema maombolezo ni kazi. Babu zetu walikuwa wameiwekea kazi hiyo ratiba, uwanja na wasaidizi.

Pale wabebaji nao wanapobebwa

Sasa twaweza kuona kwa nini methali ya kifo cha wengi haiwezi kusimama Jorodom. Akifa mtu mmoja kijijini, kijiji kizima humbeba mfiwa. Jirani huleta kuni, mwingine hupika, wazee huketi nje usiku kucha, kijana hutumwa kwenda kutoa taarifa. Wakifa watu 89 kwa asubuhi moja katika mji mdogo na vitongoji vyake, wabebaji nao ni wafiwa. Jirani ambaye angeleta kuni anamtafuta mwanawe kwenye tope. Mzee ambaye angeketi nje hana tena nje wala ndani. Wingi wa vifo haukupunguza uchungu wa yeyote; ulimnyima kila mmoja wale ambao wangemsaidia kuubeba.

Zaidi ya hayo, maafa huja na shughuli zake. Manusura anatakiwa kutambua maiti, kupanga foleni ya mablanketi, kuandikisha jina, kuhamia kambini, kisha kuhamia pengine. Haya ni ya lazima, na ego ya mtu huyashika kwa mikono miwili kwa sababu yanamwepusha na lile asiloweza kulitazama. Anaonekana imara. Watu wanamsifu kwa uimara wake. Lakini kazi ya kuomboleza haijaanza, na mara nyingi huja kuanza pale ambapo wageni wote wamekwisha kuondoka.

Humo ndani supaego nayo haikai kimya. Humwuliza aliyenusurika: kwa nini wewe ulipona? Kwa nini usiku ule ulilala kwa dada yako? Kwa nini ulimwachia mkono? Maswali haya hayana haki wala mantiki, na ndiyo maana hayajibiki kwa mantiki. Mwanamume wetu, aliyelelewa kwa kuambiwa kwamba mtoto wa kiume halii, hana pa kuyapeleka. Atayapeleka kwenye pombe, au kwenye ukali kwa mkewe, au atayafungia mpaka yageuke shinikizo la damu. Baada ya miaka kumi watu watasema ndiyo hulka yake, alizaliwa mkali. Hakuzaliwa hivyo. Yale ni mashapo.

Vipi kuhusu mtoto aliyekuwa na miaka mitano siku ile? Kwa mujibu wa Freud, huo ndio umri ambao supaego inaundwa, mtoto akiwaingiza wazazi wake ndani ya nafsi yake. Mtoto huyo hupokea pia yasiyosemwa. Akiona kwamba jina la ndugu yake aliyekufa likitajwa mama hugeuza uso na baba hutoka nje, atajifunza kwamba kuna mambo yasiyotamkwa, naye atakuwa mlinzi wa ukimya huo mpaka atakapokuwa na watoto wake mwenyewe.

Serikali iliwapeleka maafisa ustawi wa jamii na wataalamu wa afya ya akili kutoa msaada wa kisaikolojia, na walifanya kazi katika mazingira magumu. Hoja yangu haiwahusu wao, inaihusu kalenda. Kalenda ya dharura huhesabu siku na wiki. Kalenda ya nafsi, kama wajenzi wa bung'eda walivyojua, huhesabu miezi, na kama Freud alivyokuja kukiri, huhesabu miaka.

Makaburi yaliyolimwa

Kuna sababu nyingine ya kulitilia mkazo suala hili katika wilaya ya Hanang hasa. Wilaya hiyo ina msiba mwingine ambao haukuombolezwa, nao ulitengenezwa na binadamu.

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Mashamba hayo yalimeza ekari zipatazo 100,000, nyingi zikiwa malisho bora ya Wabarbaig. Katika ardhi hiyo yalikuwamo matuta ya bung'eda. Trekta zikayapitia. Wanavijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984; mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Watu ambao babu zao walikuwa wamelala chini ya matuta yale waliambiwa hawajathibitisha uenyeji wao.

Halafu sisi wengine tukaendelea kuwaita Wamang'ati, jina la Kimaasai lenye maana ya maadui, na kusimulia kwamba ni watu wakali kwa asili. Hapa ndipo nadharia ya haiba inapogeuka kuwa suala la siasa. Carothers alitazama ghadhabu ya Wakikuyu akaiita saikolojia yao, asitake kuiona ardhi. Nasi tukitazama ukimya au ghadhabu ya mfugaji wa Basotu na kuiita asili ya kabila lake, bila kuuliza amepoteza nini na alipewa nafasi gani ya kukiombolezea, tunafanya yaleyale. Huko Ujerumani, wachanganuzi nafsi Alexander na Margarete Mitscherlich walichapisha mwaka 1967 kitabu kuhusu taifa lao kushindwa kuomboleza baada ya vita, wakionyesha kwamba watu waweza kujitosa katika kazi, ujenzi na ustawi ili wasiutazame wakati uliopita. Neno letu la kujitosa humo ni maendeleo. Ni neno zuri, nami nalipenda. Lakini likitumika kumwambia mtu aache kulia kwa kuwa trekta limefika, limekuwa supaego katili.

Nini kifanyike

Sidai kwamba Freud ana jibu la kila kitu. Haiba ya mtu hutokana pia na mwili aliozaliwa nao, na umaskini, na shule aliyosoma au kuikosa. Mengi aliyoyaandika Freud kuhusu wanawake yamepingwa kwa haki, na madai yake kadhaa hayakuweza kuthibitishwa kwa vipimo. Wala simwombei kila mkazi wa Jorodom kochi la mchanganuzi nafsi. Ninachokichukua kwake ni fundisho moja: asiyeombolezwa haondoki, huhamia ndani ya walio hai na kuwaongoza kutoka huko. Kutokana na fundisho hilo ninapendekeza mambo manne.

Kwanza, mipango yetu ya maafa iwe na sehemu ya pili inayoanza pale dharura inapoisha. Msaada wa kisaikolojia upangwe kwa miaka, ukiwa na bajeti katika halmashauri ya wilaya, kama inavyopangwa bajeti ya barabara.

Pili, msaada huo utolewe kwa lugha ambayo mtu huilia. Bibi wa Kidatoga au wa Kiiraqw anaweza kununua chumvi kwa Kiswahili, lakini mwanawe alimwimbia kwa lugha nyingine. Vyuo vyetu viwafundishe vijana wa Mbulu na Hanang wenyewe kazi ya unasihi, na wazee wanaojua taratibu za maziko waketi nao kama walimu wenzao.

Tatu, walimu wa shule za msingi wapewe mafunzo ya kumtambua mtoto anayeomboleza. Mtoto haombolezi kwa kulia darasani. Huomboleza kwa utoro, kwa ugomvi, kwa kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa, kwa kuwa mtiifu kupita kiasi. Kiboko kwa mtoto huyo ni kumwadhibu kwa sababu amefiwa.

Nne, Katesh na Jorodom zinastahili mahali penye majina yote 89, jina moja moja, na siku ya tarehe 3 Desemba ambayo wafiwa ndio wasemaji na viongozi ndio wasikilizaji. Na kwa Basotu, matuta yanayoweza bado kutambuliwa yawekewe alama, na uzao wa waliolala humo upewe haki ya kuyaendea bila kuomba ruhusa.

Nne hizi si ghali. Nyumba zaidi ya 100 zilizojengwa ziligharimu zaidi, na tuliweza. Tumewapa manusura wa Hanang kuta na mapaa, nao wamehamia humo pamoja na wafu wao, kila mmoja na wake. Nambari 89 tumeikariri sote kutoka kwenye taarifa za habari. Mama wa Jorodom haijui nambari hiyo kama sisi tunavyoijua. Yeye anahesabu mmoja, na kila mwaka anajua huyo mmoja angekuwa na umri gani.